Kifaransa kwa njia ya Mtambwe

Katika mtihani wangu wa kwanza wa Kifaransa chuoni niliandika je suis faim. Nilikusudia kusema nina njaa. Mwalimu alilizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni j'ai faim, basi, bila ya maelezo. Na mimi sikuuliza. Nililichukulia kuwa ni kosa kama makosa mengine, nikalinakili mara 10 kwenye daftari kama tulivyokuwa tukifanyishwa skuli, nikaendelea na safari.

Ilinichukua karibu miaka miwili kukiona kilichokuwa mbele ya macho yangu. J'ai ni nina. Faim ni njaa. J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai peur, nina khofu. J'ai vingt ans, nina miaka 20. Mfaransa na Mpemba wanalisema jambo hili kwa mpango mmoja, na mimi, Mpemba wa kuzaliwa, nikakosea kwa sababu nilipita kwanza kwa Mwingereza. Yeye ndiye anayesema I am hungry, na yeye ndiye aliyenipa lile suis, ndiyo am yake.

Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaoanza sasa kusomea Kifaransa, Kitaliano, Kijerumani au Kichina chuoni. Nawaona wakiingia njia ile ile niliyoingia mimi, na inaniuma.

Kwetu ni Mtambwe, Wilaya ya Wete, Pemba, nchi ya mikarafuu. Kifaransa nilikianza sekondari kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyekipenda mpaka akatupendesha na sisi. Nilipopata nafasi ya kwenda Unguja kusomea lugha, baba alinyamaza kimya kirefu, kisha akauliza, "Lugha, mwanangu, ndiyo kazi gani?" Jirani mmoja akajibu kwa niaba yangu kwamba nitatembeza wazungu Nungwi. Baba hakupendezewa. Alitaka niwe mhasibu, au daktari kama Mungu angejaalia. Lakini alinipa nauli ya boti, na bibi akanifungia halua ya Wete kwenye karatasi, nikavuka.

Darasani tulikuwa wanafunzi 18. Kama ilivyo kawaida ya vyuo vyetu, masomo ni kwa Kiingereza, na hata maelezo ya Kifaransa tuliyapata kwa Kiingereza. Kamusi zetu zote zilikuwa za Kifaransa kwa Kiingereza. Hatukuona ajabu. Tangu kidato cha kwanza tumezoea kuwa elimu huja kwa Kiingereza, na Kiswahili ni cha nyumbani, cha sokoni, cha kusalimiana. Kwa hiyo kila sentensi ya Kifaransa ilikuwa inasafiri vituo viwili: inateremka kwanza Kiingereza, inabadilisha gari, ndiyo ifike kwetu. Na abiria wengi walipotea hapo kituo cha kati.

Kwangu mimi kulikuwa na la ziada. Wenzangu wa mjini walikuwa wakinicheka nikisema ntu, nkate, nnazi. Hawakuwa na ubaya, utani wa Unguja na Pemba ni wa siku zote, lakini nilikuwa na miaka 20 na uliniingia. Nikajifunza kusema mtu na mkate kwa uangalifu, na Kipemba changu nikakiweka chini ya sanduku pamoja na nguo za nyumbani.

Kilichokitoa kule chini ni karafuu.

Mwaka wa pili tulipewa kurasa mbili za kutafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Zilihusu zao la karafuu mwambao wa mashariki wa Madagaska, kwenye mkoa wa Analanjirofo, jina ambalo kwa Kimalagasi maana yake ni msitu wa mikarafuu. Zilieleza jinsi Mfaransa Pierre Poivre alivyofanikiwa kupata miche ya mikarafuu kutoka visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi walikuwa wakiilinda wasimgawie mtu, na jinsi miche hiyo ilivyofika mwaka 1770 kwenye kisiwa cha Île de France, ndiyo Morisi ya leo. Na ni kutoka huko, Morisi na Réunion, ndiko mkarafuu ulikotoka ukaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Pemba. Nilizisoma kurasa zile mara mbili nimeshika kichwa. Tangu utoto nimepanda mikarafuu ya babu, nimeanguka kutoka juu yake, nimenunuliwa nguo za sikukuu kwa fedha yake, na sikujua kuwa mti ule kabla ya kufika kwetu ulipita mikononi mwa watu waliosema lugha hii ninayoisomea.

Hata jina la karafuu yenyewe lilinishangaza. Wafaransa huiita clou de girofle, na clou ni msumari. Wataliano nao husema chiodo, msumari vile vile. Itazame karafuu kavu kwenye kiganja: ina kichwa, ina mwili mwembamba. Ni msumari kweli. Miaka yote nimeishika na sikuwahi kuuona.

Basi tukafika kwenye neno griffes. Les griffes de girofle. Kamusi ilituambia griffe ni ukucha wa mnyama. Darasa zima, na mimi nikiwamo, tukaandika "makucha ya karafuu." Mstari wa chini yake kulikuwa na neno jengine, antofles, na hilo hata kamusi haikuwa nalo. Kuna walioliacha kama lilivyo, kuna walioandika "aina ya karafuu" wakapita.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Makucha ya karafuu ni kitu gani? Maandishi yalisema griffes ni za bei ya chini kuliko karafuu zenyewe, na kwamba hutolewa mafuta. Nikawa nimelala chali nimefumba macho, na ghafla nikaiona barza ya kwetu wakati wa msimu. Isha imeshasaliwa, karabai imetundikwa, mapakacha yamemwagwa juu ya jamvi, na sisi tumekaa duara tunachambua. Kishada unakishika mkono mmoja, unakipitisha kwenye kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha, karafuu zinaanguka, na kikonyo kitupu unakitupia upande wako wa nyuma. Kile kikonyo kinachobaki kina vijitawi vitatu vinne vilivyopinda kwa mbele. Ukikiinua kwenye mwanga wa taa kimekaa kama mguu wa kuku.

Makucha! Mfaransa aliona makucha pale tulipoona kikonyo. Griffes ni makonyo, haya haya tunayoyauza kwa kilo yakaenda kiwanda cha Wawi kutolewa mafuta.

Asubuhi nilimpigia simu bibi kabla sijanywa chai. Nikamuuliza, ile karafuu iliyoachwa mtini mpaka ikaiva, ikanenepa, ikawa ndiyo ya mbegu, jina lake nani.

"Mpeta huo," akasema. Kisha sauti ikabadilika. "Kwani wewe umesahau mpeta? Huko Unguja wanakulisha nini, mjukuu wangu?"

Antofles ni mpeta. Nililiandika lile neno kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa visiwani, aliniuliza maneno yale nimeyatoa kitabu gani. Nikamwambia nimeyatoa nyumbani. Akaniita mbele niwaeleze wenzangu tofauti ya karafuu, kikonyo na mpeta, na nikaeleza kwa dakika 20, kwa mikono, kwa Kipemba changu kilichotoka sandukuni bila ya kuitwa. Hakuna aliyecheka. Wale wa mjini waliandika.

Baada ya kipindi mwalimu alinifungulia kwenye kompyuta yake kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, iliyochapishwa Paris mwaka 1939. Padri huyo aliishi pwani yetu miaka mingi, na kamusi yake ni kubwa, imeyatenga maneno kwa lahaja zake, la Unguja, la Mombasa, la Pemba. Nilikaa nayo jioni nzima. Daraja la moja kwa moja kati ya lugha yangu na lugha ninayoisomea lilikuwepo tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na sisi 18 tulikuwa tukizunguka mbali kwa sababu hakuna aliyetuambia lipo.

Siku ya pili nilinunua daftari jipya sokoni Darajani. Nikachora mstari katikati, upande huu Kifaransa, upande huu Kiswahili, na nikajiwekea sharti kuwa Kiingereza hakiingii humu ndani. Nikaanza upya masomo ya mwaka wa kwanza, peke yangu.

Siwezi kuyaeleza yote niliyoyakuta, lakini nitaeleza machache kwa sababu yalinipa furaha ambayo sijaipata kwenye kitabu chochote.

La kwanza ni pale Mfaransa anaposema "namwona." Je le vois. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiandika je vois le, kwa kuwa Kiingereza humweka anayetendwa nyuma ya kitenzi. Hebu tazama na sisi tunavyosema: ni-na-m-wona. Mtenda, kisha mtendwa, kisha kitenzi. Je, le, vois. Mpango ni mmoja. Je t'attends, nakungoja. Il nous connaît, anatujua. Kilichonitesha miaka yote hiyo kilikuwa kimo kinywani mwangu tangu nilipoanza kusema, kimeunganishwa tu badala ya kuandikwa mbali mbali.

La pili ni nyakati zilizopita. Hapa ndipo wengi wanapofeli, na mimi nilifeli. Wafaransa wana njia mbili kuu za kusimulia yaliyopita, passé composé na imparfait, na vitabu vyetu vilikuwa na ukurasa mzima wa kanuni za kuzitenga. Kiingereza huweza kusema "we went" kwa safari ya siku moja na kwa safari za kila mwaka, kwa hiyo ukitokea huko huoni sababu ya kutenga. Lakini mtu wa Mtambwe akisema "tulikwenda Kojani" umeelewa ni siku ile, safari ile. Akisema "tulikuwa tukienda Kojani" umeelewa ni mazoea, ni zamani zile, huenda anavuta pumzi aanze hadithi. Nous sommes allés, tulikwenda. Nous allions, tulikuwa tukienda. Nilipoanza kujiuliza bibi angesemaje, makosa yangu ya imparfait yalipungua ndani ya wiki mbili.

Halafu kuna jinsia ya majina. Wanafunzi wote hulalamika: kwa nini meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume? Na sisi tulilalamika, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo haina upatanisho wa namna hii na kwa hiyo inaona ni mzigo. Lakini mtoto wa kwetu wa miaka mitatu anasema mti huu, jiwe hili, kitanda hiki, ukuta huu, na hamwulizi mama yake kwa nini. Utasema ngeli zetu huonekana mwanzoni mwa neno. Nyingi, ndiyo. Lakini kiti na kipofu vyote vinaanza na ki, na tunasema kiti hiki ila kipofu huyu. Meza haina alama yoyote. Ngeli yake huijui mpaka useme meza hii. Sisi hatulijui neno likiwa peke yake, tunalijua pamoja na lile linaloandamana nalo. Nikaacha kuandika table kwenye daftari langu. Nikawa naandika la table, neno moja, kama ninavyosema meza hii. Wadogo zangu, hili lifanyeni kuanzia siku ya kwanza, msingoje kama mimi.

Wakati huo huo nilianza kumtazama kwa jicho jengine mtoto wa mjomba wangu, anayetembeza wageni Kiwengwa. Kule mahoteli ya Wataliano yamekuwepo tangu miaka ya 1990, na vijana wengi wamekipata Kitaliano hapo hapo ufukweni, hawajafungua kitabu. Watu huwaita mapapasi na kuwadharau. Siku moja nilikwenda kumtembelea, nikamsikia akimwambia mpishi mmoja wa Kitaliano ho fame. Ho, nina. Fame, njaa. Yeye hakuwahi kukosea pale nilipokosea mimi, kwa kuwa Kiingereza hakukisoma sana na hakukuwa na wa kumpoteza njiani. Ametoka Kiswahili akaingia Kitaliano mguu kwa mguu. Barua hawezi kuiandika, na hilo linamzuia kupata kazi ya ofisini anayoistahili. Nimeshamwambia aje chuo na bado nitamwambia. Lakini heshima yangu kwake siku ile iliongezeka, na sijaipunguza mpaka leo.

Kwa upande mwengine, si kila mlango wa Kifaransa unafunguliwa kwa ufunguo wa Kiswahili. Nisingependa mtu asome haya akadhani hivyo. Msamiati mwingi wa kitaaluma niliupata kwa wepesi kwa sababu Kiingereza kimechukua maneno mengi mno kutoka Kifaransa, na deni hilo nalikubali. Na kuna sauti ambazo hatunazo kabisa.

Ile u ya rue, njia, ilinishinda mwaka mzima. Nilikuwa nikisema roue, na roue ni gurudumu. Mwalimu akisema "tazama mdomo wangu," mimi natazama, naona mdomo. Aliyenisaidia ni kumbukumbu ya kupiga mbinja. Chongoa midomo kama unayetaka kupiga mbinja, usiilegeze hata kidogo, kisha humo ndani sema i. Inayotoka ndiyo u yao. Nilifanya mazoezi juu ya paa la nyumba ya shangazi yangu Malindi, mjini Unguja, baada ya magharibi, mpaka shangazi akanikataza, kwa kuwa mbinja usiku haipigwi.

Na kuna kusikia. Hili lilinigharimu. Mwaka wa tatu nilivuka kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa kimataifa wa Kifaransa uitwao DELF, kiwango B2. Mtihani huo una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25, na anayefikisha 50 kwa jumla amefaulu. Lakini kuna sharti: ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote, umeanguka hata jumla yako iwe kubwa. Nilipata 58. Kwenye kusikiliza nilipata 4.

Nauli ya boti ile nilikopa. Nilirudi Unguja nimekaa nje, nyuma kabisa, naangalia povu, na nilikuwa najua sababu. Kifaransa chote nilichokuwa nacho nilikipata kwa macho. Neno nikiliona nalijua. Likinipita sikioni simjui nduguye. Ils ont, wana, na ils sont, wako, kwenye karatasi zinatengana wazi. Sikioni zinatengana kwa z na s tu, na mnenaji hakungojei.

Nikaanza imla. RFI, redio ya Ufaransa, ina taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, dakika 10, na maandishi yake huwekwa kwenye tovuti yao. Kila siku baada ya alfajiri nilisikiliza dakika mbili tu, nikasimamisha, nikaandika nilichosikia, nikarudia mara tatu, ndipo nikafungua maandishi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza karatasi ilikuwa nyekundu tupu. Miezi minne sikuacha siku ila siku ya Idi.

Halafu Mungu akaniletea mama mmoja wa Kingazija. Alikuwa mfanyabiashara, anakuja Unguja kununua bidhaa za kupeleka Moroni, na kila safari alipanga chumba kwa jirani wa shangazi. Komoro wanatumia Shikomori, Kiarabu na Kifaransa, kwa hiyo skuli yake yote aliisoma kwa Kifaransa. Siku ya kwanza nilimpokea kifurushi mlangoni, akaniambia "marahaba." Nikashangaa, maana nilikuwa sijamwamkia. Kumbe kwao marahaba ni ahsante.

Jioni alikuwa akikaa barzani na mimi nakaa chini yake, tunazungumza Kifaransa. Kilikuwa Kifaransa kilichokaa juu ya ulimi kama wangu, ulimi wa Kibantu, na alijua kila jiwe nitakalojikwaa kabla sijalifikia. Sikuwa na khofu naye. Mbele ya mgeni kutoka Ufaransa nilikuwa nakauka koo; mbele yake nilikuwa mtoto anayezungumza na mama. Na kwa sababu hiyo hiyo nikamkosea adabu. Nilimuuliza siku moja, "Tu vas où?" Unakwenda wapi? Akanyanyua uso kutoka kwenye hesabu zake.

"Vous, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi ni mama yako."

Uso ulinipata moto. Kwa Kiswahili nisingemkosea, kwa kuwa mzee wetu tunamwambia "unakwenda wapi, mama," na heshima yote imo kwenye lile mama, na kwenye shikamoo iliyotangulia, na kwenye namna uliyokaa. Mfaransa heshima yake ameipakia kwenye vous. Kama hukuiweka hapo, hakuna pengine inapoonekana. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile nilipokuwa nafungua mdomo kwa Kifaransa nilianza kwanza kujiuliza nani aliye mbele yangu, kama tunavyofanya kwetu kabla ya kuamkia.

Mtihani niliurudia mwaka uliofuata. Kusikiliza nilipata 16.

Nilipomaliza chuo nilikwenda Mtambwe, na kwa bahati ulikuwa msimu. Nilichukua ile tafsiri ya karafuu za Madagaska, nimeshaisafisha na kuipiga chapa vizuri, nimsomee bibi. Nilitaka asikie mpeta wake kwenye karatasi.

Kulikuwa na sentensi moja ambayo haikuwahi kunitulia. On cueille les clous avant que les boutons ne s'ouvrent. Huchumwa kabla vitumba kufunguka. Lakini pale mbele ya kitenzi pana ne, na ne ni alama ya kukanusha. Kwa nini kukanusha, wakati hapakanushwi kitu? Vitabu vilisema ne hii huja baada ya avant que katika Kifaransa cha uangalifu, haina maana ya kukanusha, usiitafsiri, ikariri tu. Niliikariri. Kwenye tafsiri yangu niliandika "karafuu huchumwa kabla ya kufunguka kwa vitumba," nikaikwepa.

Tulikuwa kwenye duara, bibi kulia kwangu, mikono yake inachambua bila ya yeye kuitazama. Nikasoma. Kwenye makonyo akatikisa kichwa. Kwenye mpeta akacheka. Nilipofika kwenye sentensi ile, akaidaka kama anayenikamilishia.

"Eeh. Huchumwa kabla hazijafunguka."

Nikaacha kusoma. "Sema tena, bibi."

"Niseme nini?"

"Hiyo ya kufunguka."

"Kabla hazijafunguka. Zikishafunguka si karafuu tena hizo, nani atazinunua?"

Hazijafunguka. Ile ha. Sisi nasi tunakanusha pale pale, baada ya kabla, bila ya kukanusha kitu. Kabla hajaja. Kabla jua halijachwa. Kabla sijanywa chai. Nimeisema sentensi hiyo kila siku ya maisha yangu, na ne ya Wafaransa nikaikariri miaka mitatu kama kitu kisicho na mfano duniani.

Nikatoa kalamu mfukoni, nikafuta mstari wangu, nikaandika maneno yake juu yake. Karabai ilikuwa inafifia na herufi zilikwenda upogo. Bibi alinisogezea pakacha kwa mguu.

"Iweke hiyo karatasi," akasema. "Hili bado halijaguswa."